Usikanyage Tuta la Waridi

JUMAMOSI, SAA MBILI ASUBUHI

"Narudia kwa mara ya mwisho," alisema Msumari, na hiyo ilikuwa mara ya nne.

Chumba cha nyuma cha gereji kilinuka mpira na petroli. Juu ya meza, kwa chaki, Msumari alikuwa amechora nyumba kongwe inayotazama bahari. Geti lake halifunguliwi kwa mtu mwaka mzima. Leo tu. Leo chama cha wapenda bustani kilikuwa kinatembeza watu kwenye nyumba za kale za ufukweni, msimu wa maua. Na leo tu mkufu wa zumaridi wa bibi mwenye nyumba ulitolewa benki na kuwekwa kwenye kabati la kioo, chumba cha kulia, watu waukodolee macho.

"Dada, unazimia. Wote wanakukimbilia. Mimi nafungua kabati." Aliitwa Msumari kwa sababu hakuna kufuli lililowahi kumshinda akiwa na msumari mkononi. "Natokea jikoni, nazunguka tangi la maji, nafika geti la nyuma. Shemeji anafungua. Mshale yuko nje, gari linanguruma. Kuna la zaidi?"

"Lipo," alisema shemeji.

Huyu ndiye aliyekuwa mtunza bustani wa nyumba ile, na mume wa dada yake Msumari. Ufunguo wa geti la nyuma ulikuwa wake, na kufuli lile la kale hata Msumari angelihangaikia saa nzima. Bila yeye hakuna kazi.

"Waamuzi wa chama wanakuja kuchagua bustani bora. Wapite kwanza, ndipo ufanye yako. Na usikanyage tuta langu la waridi."

Mshale, dereva, aliangua kicheko. Mtu mzito kuliko gunia la saruji, jina alipewa kwa dhihaka. "Watu tuko kwenye vito, mzee yuko kwenye maua!"

Shemeji hakucheka. "Upepo unaleta chumvi ya bahari, chumvi inaunguza majani. Kila alfajiri nayaosha, jani kwa jani. Mwaka juzi yalikufa. Mwaka jana yakafa. Mwaka huu yamechanua. Na nyumba imeshauzwa, mwezi ujao wanamwaga zege wapate maegesho ya magari. Hakuna mwaka mwingine. Niahidi."

"Haya, naahidi! Ebo!" Msumari hata hakuinua uso kwenye chaki yake.

Dada yake alimtazama. Alikua naye nyumba moja, alizijua ahadi zake. Lakini akavaa tu kofia lake pana la kitajiri.

SAA NNE NA NUSU

Jamani, watu wa bustani hawana haraka!

Msumari alikuwa ndani ya koti jeupe la mhudumu, sinia la juisi mkononi, jasho likimtiririka mgongoni. Mwongoza wageni alisimama kwenye bawaba ya mlango akaieleza kama anamsifia bibi harusi. Wageni wakaipapasa bawaba. Wakarudi nyuma kuipapasa tena. Chumba cha kulia kilikuwa hatua chache tu mbele, na msafara haukusogea.

"Kijana," mzee mmoja mwenye fimbo alimshika kiwiko, "pale nje mmeweka samadi ya ng'ombe au ya kuku?"

"Sijui, mzee."

"Hujui? Na unakula mshahara hapa?"

Msumari alitabasamu huku akitamani kumvisha sinia kichwani.

SAA TANO NA ROBO

Waamuzi hawajafika. Bado wako nyumba ya jirani, wanabishana juu ya mti wa kivuli. Halafu bibi mwenye nyumba akatangaza kwamba mtu wa benki yuko njiani, anakuja kuuchukua mkufu mapema.

Msumari alihisi kupasuka. Wiki nzima ya kupanga, iharibiwe na watu wanaobishana juu ya mti! Akashika sikio. Hiyo ndiyo ishara.

Dada yake akatikisa kichwa, polepole, chini ya lile kofia. Bado. Waamuzi.

Akashika sikio tena, safari hii karibu aling'oe.

Dada akafumba macho. Akaanguka.

"Maji! Mpepeeni! Mvueni kofia!" Chumba kizima kikamwinamia. Msumari akaweka sinia chini, akapenyeza msumari, kabati likafunguka kimya. Mkufu ukaingia mfukoni. Akapita jikoni. Akatoka nje.

Na kwenye njia ya tangi la maji, mzee mwenye fimbo alikuwa amesimama na mabibi wawili, wameziba njia yote.

"Nakwambia ni ya kuku!"

"Ya kuku ingeunguza mizizi, mzee wangu!"

"Naomba njia," alisema Msumari.

"Subiri, kijana. Wewe si ndiye uliyesema hujui? Sasa nusa hapa ujifunze."

Ndani ya nyumba sauti ikapasuka: "Mkufu wangu!"

Kushoto, lile tuta. Waridi jeupe, limejaa, limesimama. Ng'ambo yake, geti, na shemeji ameshika ufunguo. Msumari hakufikiri hata kidogo. Alikata katikati. Mashina yakavunjika chini ya buti zake, moja baada ya jingine, na shemeji akayasikia yote.

"Fungua!"

Shemeji alitazama alipotoka Msumari. Kisha akarusha ufunguo juu ya ukuta, upande wa bahari.

"Uliahidi," alisema.

"Una wazimu? Kwa ajili ya maua?"

Filimbi ya askari ikalia. Nje ya ukuta gari likanguruma, likaondoka. Kwa mara ya kwanza maishani Mshale alistahili jina lake.

SAA SITA KASOROBO

Askari walimkuta Msumari akilitikisa geti kwa mikono miwili, analia kwa hasira. Shemeji alikuwa amepiga magoti tutani, anasimamisha shina lililovunjika, anashindilia udongo.

"Na huyu tuko naye!" Msumari alifoka. "Ni shemeji yangu! Mkamateni!" Hasira ilimfanya aseme hayo. Lakini jina la dada yake halikumtoka.

Wakawafunga pingu moja, mkono kwa mkono, wakawapitisha mbele ya wageni waliokusanywa uani. Dada alikuwa miongoni mwao, kofia mkononi, mgonjwa anayepepewa na kila mtu. Alikuwa huru. Kilichobaki ni kupanda basi la wageni tu.

Alikuwa ameona yote. Waamuzi walifika hadi barazani, wakaambiwa kuna wezi, wakageuza, wakapanda gari lao. Hawakuona hata jani.

"Waamuzi wamepita?" shemeji aliuliza. Hakumtazama mtu.

"Tembea wewe," alisema askari.

"Nauliza tu. Waamuzi wamepita?"

Wageni wakatazamana. Msumari akamkazia dada yake macho, akitikisa kichwa kwa nguvu: nyamaza, nyamaza.

"Wamepita, mume wangu," alisema dada. "Kabla hayajakanyagwa. Walisimama pale pale, wakayasifu."

Shemeji akashusha pumzi. Mabega yake yakalegea, akatembea bila kusukumwa.

Askari wa pili alikuwa ameshageuka, na yule mzee mwenye fimbo akainyoosha fimbo yake.

"Mume wangu? Si ndiye huyu aliyezimia?"