Mashuka Juu ya Handaki

Jongoo alitoka handakini na habari ambayo Mhandisi Nyemo Chipanha hakuiamini hata kidogo.

Jongoo alikuwa roboti mwembamba wa chuma na mpira, mwenye miguu mingi mifupi, na kila mguu ulikuwa kipimajoto. Kazi yake ilikuwa kutambaa juu ya kebo za umeme wa msongo wa kati, zilizolazwa ndani ya handaki la zege chini ya hospitali ya mji mpya kule Ugogo, kisha aseme zinaweza kubeba mkondo kiasi gani bila kuungua. Waya wa hewani hauna shida, upepo unaupuliza. Kebo iliyofungiwa handakini ni mambo mengine. Umeme ukipita, inapata moto, na joto linajaa humo humo kama chumba cha bati saa saba mchana. Lisipopata pa kutokea, ngozi ya plastiki inalainika, na siku hiyo mtaa mzima uko gizani. Ndiyo maana vitabu vimeweka kikomo, na Nyemo aliviheshimu vitabu.

Sasa Jongoo anasema kebo hizi zinaweza kubeba robo zaidi ya kikomo hicho, na zimetulia tuli.

Mganga mkuu, Dakta Mgoli, alifurahi mno. Alikuwa ameshachagua mashine za kufua na kukausha mashuka, alichokosa ni umeme wa kuziendesha. Robo ile ilitosha kabisa. Akamwomba Nyemo atoe idhini, na akaagiza dobi wa hospitali, Bi Sechelela, aambiwe atafute kazi nyingine. Bi Sechelela alikuwa mjane aliyelea wajukuu wawili kwa kazi hiyo. Alipoambiwa alikaa chini kwenye ngazi, akashindwa hata kulia.

Nyemo hakutoa idhini. Si kwa huruma, tuseme ukweli, maana alikuwa hata hajamjua huyo mama. Kilichomkosesha raha ni udadisi. Joto halipotei hivi hivi. Likipungua hapa, lazima kuna mahali limekwenda. Akamrudisha Jongoo handakini kwa wiki nzima, akaikodolea macho picha ya joto mpaka yakamuwasha. Kumbe sehemu ya ajabu ilikuwa moja tu, ile inayopita chini ya ua wa nyuma, ambayo kwa kawaida ndiyo ya moto kuliko zote na ndiyo inayoweka kikomo. Asubuhi joto lilipanda kama kawaida, mara likashuka, likabaki chini mpaka jioni. Ila Jumapili halikushuka.

"Hili handaki linakwenda kanisani?" alimtania Jongoo.

Jongoo, ambaye hakufundishwa utani, alijibu kwamba handaki halina miguu.

Basi Nyemo akaenda mwenyewe. Uwani alimkuta mama mmoja, khanga kiunoni, akitandika mashuka mabichi juu ya mifuniko ya zege ya handaki. Akamwamkia shikamoo, akamuuliza kwa nini hatumii kamba. Bi Sechelela akaeleza kwamba kamba anazo, lakini upepo wa huku unayajaza mashuka vumbi. Mifuniko hii ina joto lake zuri. Anaipiga deki kwanza, anatandika, na shuka linakauka upesi. Amefanya hivyo miaka yote, isipokuwa siku ya Bwana.

Nyemo akainama, akapenyeza mkono chini ya shuka. Zege lilikuwa baridi. Pembeni kidogo, palipokuwa pakavu, lilikuwa la moto. Akacheka peke yake. Maji yakikauka huondoka na joto, kama jasho linavyompoza mtu aliye juani. Mama huyu alikuwa akilipoza handaki la mji bila mtu yeyote kujua, yeye mwenyewe akiwemo.

Halafu kicheko kikamkatika. Mashine zingeitumia robo ile na kumwondoa dobi, na dobi akiondoka, robo inaondoka naye.

Dakta Mgoli si mjinga. Alielezwa, akaelewa mara moja, na mara moja akapata jibu. Mashine zije. Bi Sechelela abaki, ila asifue tena. Kazi yake iwe kulowesha mashuka chakavu, yasiyolaliwa na mgonjwa yeyote, na kuyatandika juu ya handaki kila siku, Jumapili ikiwemo. Bi Sechelela aliitwa ofisini, akakubali haraka haraka kabla hawajabadili mawazo. Alivyokuwa akishukuru, Nyemo moyo ulimuuma.

Alipofika mlangoni, mama akageuka. "Samahani, Dakta. Na siku nikiugua?"

Dakta akamtazama Nyemo. Jongoo, aliyekuwa amejikunja miguuni pa Nyemo, ndiye aliyejibu, maana hesabu ya namna hiyo aliiweza: kebo zingeanza kulainika jioni ya siku hiyo hiyo. Akashauri afya ya Bi Sechelela iwe inapimwa kila asubuhi, pamoja na joto la kebo.

Bi Sechelela aliishika khanga yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyeambiwa ana ugonjwa.

"Jongoo," Nyemo akasema, "rudisha kikomo cha vitabu. Ile robo si ya kebo."

"Ni ya nani?"

"Ni ya huyu mama. Na Jumapili anakwenda kanisani."

Dakta Mgoli alikusanya picha za mashine zake, akatoka bila kuaga. Bi Sechelela akabaki amesimama, kisha akauliza kama sasa anaweza kwenda kufua.