Jina la Sita

Kilonzo, mlinzi wa kanisa, alikuwa amelala chali kwenye mlango wa sakristia, chumba cha mavazi ya Misa, miguu ndani, kichwa nje juu ya ngazi ya saruji. Rungu lake lilikuwa bado limening'inia kiunoni. Kofia yake ya ulinzi ilikuwa imebingirika hadi kwenye maua. Damu iliyomtoka kisogoni ilikuwa imeteremka ngazi mbili ikaishia ya tatu, na nzi walikuwa wameshaijua njia.

Inspekta Perpetua Aoko aliinama kumtazama, goti lake la kushoto likalia kama kawaida yake. Ilikuwa maiti ya tatu wiki hiyo. Miaka kumi na tisa ya upelelezi ilikuwa imemfundisha kuangalia mikono kwanza. Mikono ya Kilonzo haikuwa na jeraha, wala kucha zake hazikuwa zimevunjika. Mzee huyu hakupigana na mtu.

"Hakulichomoa hata rungu," akasema Konstebo Sifuna, msaidizi wake.

"Ndiyo, nimeona."

Ilikuwa saa sita unusu mchana, Ijumaa ya kwanza ya mwezi, katika Parokia ya Mtakatifu Martha mtaani Kamenu, Thika. Misa ya asubuhi ilikuwa imeisha saa moja na nusu. Baada ya hapo Father Gichuru, paroko, alikwenda kuzika mtu Gatundu, na Kilonzo akabaki peke yake uwanjani. Mwanamke aliyekuja kupamba altare ndiye aliyemkuta.

Simu ikaita ndani ya mfuko wa marehemu. Watu waliokuwa wamesimama karibu wakatazamana. Aoko aliiacha ikakatika, ikaita tena, naye akaitoa kwa mkono wenye glavu. Kwenye kioo palikuwa pameandikwa "Nduku". Alikuwa mkewe, akipiga kutoka Masii kumuuliza kama ameshakula. Aoko alikwenda kando, akageukia ukuta, akamweleza. Katika kazi yake yote, hilo ndilo ambalo hakuwahi kulizoea, na siku hizi hakujaribu tena kulizoea.

Aliporudi, Father Gichuru alikuwa amefika, viatu vyake vimejaa udongo mwekundu wa makaburini. Alimfanyia Kilonzo ishara ya msalaba, kisha akaingia kanisani mbio. Aoko akamfuata.

Tabernakulo, kijumba cha chuma cha kuhifadhia komunyo, ilikuwa imefungwa kwa ufunguo. Father aliifungua. Kombe kubwa lililopakwa dhahabu lilikuwa mahali pake. Padre akapapasa nyuma yake, akapapasa tena, kisha akaegemea ukuta.

"Kimekosekana kikasha cha wagonjwa," akasema.

"Cha dhahabu?"

"Cha shaba. Kidogo, kinaingia kwenye kiganja."

"Ndani kulikuwa na nini?"

"Hostia tano, vile vimkate vya komunyo. Ijumaa ya kwanza wahudumu huwapelekea komunyo wagonjwa wasioweza kuja Misa. Wangezichukua saa saba."

Sifuna alikuwa amechutama kando ya kile kijumba cha chuma, tochi mkononi. Akamwita bosi wake. Kwenye bawaba za mlango, pini zilikuwa na mikwaruzo mipya inayong'aa. Mtu alikuwa amezigonga zikatoka, akaung'oa mlango mzima bila kugusa kufuli, kisha akaurudisha taratibu kama mtu anayefunga nyumba yake mwenyewe.

"Mwizi wa haraka hangerudisha mlango," Sifuna akasema. "Na wa tamaa hangeacha kombe."

Jioni hiyo Kamenu nzima ilikuwa na jibu lake. Wengine walisema ni watu wa kuabudu shetani, kwamba hostia iliyobarikiwa ina bei yake Nairobi. Wengine wakasema ni mganga. Mwenyekiti mmoja wa jumuiya alimpigia Aoko kumpa namba ya gari alilolishuku. Aoko aliandika yote, maana ndiyo kazi, kisha akarudi kwake Ruiru akalala na soksi.

Jumamosi asubuhi alisimama mochari akimsikiliza daktari. Fuvu lilikuwa limepasuka kisogoni kwa kugonga ukingo wa ngazi. Hakuna silaha iliyotumika. Marehemu alisukumwa mara moja tu, kifuani, akaanguka kinyumenyume. Kisha daktari akalileta shati la sare. Mbele yake palikuwa na unga wa kijivu unaometameta. Akausogezea sumaku, nao ukasimama wote kama nywele.

"Vumbi la chuma," daktari akasema. "La grinda ya kukatia vyuma. Mikono iliyomsukuma ilikuwa imetoka kazini."

Aoko alirudi parokiani akamkuta Father Gichuru akiwa na Mourine Wamboi, kiongozi wa wahudumu wa komunyo. Mourine alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke nadhifu ambaye hakuwahi kukosa Misa ya asubuhi kwa miaka kumi na tano. Macho yake yalikuwa yamevimba. Aoko aliomba kuona orodha ya wagonjwa waliokuwa wapelekewe kile kikasha.

Ilikuwa karatasi ya daftari, mwandiko wa mwalimu. Majina matano. Chini yao palikuwa na la sita, limekatwa kwa mstari ulionyooka kwa rula. Bado lilisomeka: Wanja wa Salim.

"Nani alilifuta jina hili?"

"Ni mimi," Mourine akasema.

"Kwa nini?"

"Amehama, madam. Siku hizi anakaa Mugutha. Hiyo ni parokia nyingine."

"Amehama lini?"

"Wiki tatu zilizopita."

"Na mwezi uliopita, alipokuwa hapa? Alipelekewa?"

Mourine alikunja leso yake mara mbili. "Hapana."

"Anaumwa nini?"

"Saratani ya tumbo. Hainuki."

"Basi kwa nini hakupelekewa?"

"Hana ndoa ya kanisa. Ameishi na Mwislamu miaka ishirini na miwili. Kila Jumapili alikuja, akakaa benchi la nyuma, watu wakienda kupokea yeye anabaki. Mwenyewe alijua. Mimi sikutunga hiyo sheria."

"Kuna mtu aliwahi kukuomba umpelekee?"

"Bwana yake. Alipiga simu mara tatu."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia jina limefutwa."

Father Gichuru alikuwa amegeuka kumtazama. "Mourine, mbona hukuniambia?"

"Father, wewe una mazishi, una ujenzi, una vijana. Mambo kama hayo tumekuwa tukiyamaliza sisi."

Aoko aliyafumba macho yake kidogo. Kwao Ugunja mama yake alikuwa na benchi la nyuma kama hilo. Alimuuliza Father ni nani aliyetengeneza mlango wa tabernakulo.

"Fundi mmoja wa kuchomelea pale Witeithie. Kazi safi sana, na akatufanyia na mageti." Padre akasita. Aoko aliuona uso wake ukibadilika kabla hajamaliza. "Anaitwa Salim."

Karakana ya Witeithie ilikuwa imefungwa. Fundi jirani alisema Salim hajafungua tangu jana asubuhi, aliposimamisha grinda katikati ya kazi akaondoka bila hata kunawa. Mke wake alikuwa amezidiwa, akasema, na Salim mwenyewe ndiye aliyekuwa akimlisha na kumwosha.

Walikwenda Mugutha watatu, Father kiti cha nyuma, mfuko wa mafuta matakatifu mapajani. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili mwisho wa ploti, na mbele yake nguo za mgonjwa zilikuwa zimeanikwa kwa mpangilio. Salim aliwafungulia kabla hawajabisha. Mwanamume mrefu, wa miaka hamsini hivi, mikono yenye makovu ya cheche. Alimwangalia Aoko, akamwangalia Sifuna, kisha macho yake yakatua kwa Father na hayakuondoka hapo.

"Karibuni," akasema kwa sauti ya chini. "Amelala. Tuongee polepole."

Aoko hakuhitaji kupekua. Salim mwenyewe alinyoosha mkono juu ya kabati, kwenye rafu ya juu kabisa alipoweka msahafu wake, akateremsha kitu kilichofungwa kwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Hakukifungua. Alimkabidhi padre kwa mikono miwili.

Ndani ya kikasha palikuwa na hostia nne.

"Sikujua mahali pa kuziweka," Salim akasema. "Nikaona mahali safi ni hapo tu."

Aoko alimweleza kwamba anakamatwa kwa kifo cha Kilonzo, na kwamba ana haki ya kunyamaza. Salim akatikisa kichwa kuashiria ameelewa. Alipolisikia jina la mlinzi alishika ukingo wa meza.

"Nilisikia redioni jana jioni," akasema. "Nilidhani nimemwangusha tu. Sikugeuka kuangalia."

"Ana mke Masii," Aoko akasema. "Mimi ndiye niliyempa habari."

Alitaka maneno hayo yamuume, na yalimuuma. Lakini hakupata nafuu yoyote kwa hilo.

Father Gichuru alikuwa bado amekishika kikasha. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi.

"Salim, aliye hatarini kufa hanyimwi. Ningekuja. Ningemsikiliza, ningempaka mafuta, ningempa komunyo, siku hiyo hiyo. Ungeniita mimi mwenyewe."

"Mimi sijui mambo yenu, Father. Niliambiwa nimpigie yule mama, nikampigia yule mama."

Kutoka chumba cha ndani sauti nyembamba ikauliza ni nani wamekuja. Salim akaenda mlangoni, akasema kwa Kikuyu kwamba Father amekuja kumwona. Kisha sauti ile ikasema aingie, lakini kwanza apewe nafasi ya kujifunga kitambaa kichwani.

Salim aliingia kumfunga. Sifuna alimtazama bosi wake, pingu mkononi, naye Aoko akamwashiria azirudishe mfukoni. Father alipoingia, wao watatu walitoka nje. Aoko alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mgongo ukutani. Walingoja karibu saa nzima. Mara mbili Salim alianza kusema, na mara mbili Aoko akamkatiza. Akamweleza kwamba yeye ndiye mpelelezi, na sheria haimruhusu kuchukua ungamo lake. Lingeandikwa na afisa mwingine, naye Salim awe na mtu wake wa kumwamini kando yake.

"Nikitaka Father awe ndiye huyo mtu?"

"Unaweza. Tutaondoka naye sasa hivi."

Salim aliutazama mlango. Ndani, Father alikuwa akisali, na sauti ya Wanja ilikuwa ikimfuata neno kwa neno, ikichelewa kidogo.

"Basi mwacheni," akasema. "Abaki na yeye."

Khamisa, dada yake Salim, aliitwa kutoka Majengo kuja kumuuguza mgonjwa. Kituoni Salim hakusema tena. Aliketi seli siku nzima ya Jumapili, chakula akakirudisha. Afisa aliyekuja kuandika ungamo aliondoka na karatasi tupu.

Wanja alifariki Jumapili hiyo alasiri. Khamisa ndiye aliyempigia Aoko, naye Aoko akateremka seli mwenyewe ingawa ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alimwambia Salim akiwa amesimama, kwa maneno machache.

"Jumamosi alipokea?" Salim akauliza. "Kwa mkono wa Father?"

"Alipokea."

"Na kesho watamzika kama mtu wa kanisa?"

"Jumatano. Father mwenyewe ataongoza Misa. Na yule mama, Mourine, ndiye aliyekwenda kumwosha na kumvika, pamoja na dada yako."

Salim akafuta uso kwa kiganja. "Mwite huyo mwandishi wako," akasema.

Ungamo liliandikwa Jumatatu asubuhi na inspekta aliyetoka Ruiru, Khamisa akiwa kando ya kaka yake. Lilikuwa kurasa mbili. Aoko alilisoma akiwa amesimama dirishani, chai ikipoa mezani. Mengi aliyajua. Alhamisi usiku Wanja alimwambia mumewe kwamba haogopi kufa, anaogopa kufa kama mtu aliyefungiwa nje. Asubuhi fundi alikuwa akikata vyuma Witeithie, maneno hayo yakakataa kumtoka, akazima mashine. Geti la sakristia alilitengeneza yeye, na mlango wa kile kijumba pia, akajua pa kugonga. Alimpa mkewe kile kimkate kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia mhudumu alipita kwa haraka akakuta amelala, akamwachia. Wanja aliamini. Alilala hadi jioni bila kulia maumivu. Yeye Salim hana imani na kile kimkate, alisema, ila mkewe alikuwa nayo, na hilo lilimtosha.

Aoko alifungua ukurasa wa pili. Hapo ndipo palipokuwa na jambo ambalo hakulijua, na ambalo mwendesha mashtaka angelitumia kuamua kama ni mauaji au ni kuua bila kukusudia. Alilisoma mara mbili, polepole.

"Nilipotoka nilimkuta Kilonzo mlangoni. Tulikuwa tunajuana tangu nikiweka yale mageti. Alinisalimia kwanza, akauliza hali ya mgonjwa. Kisha akaona kikasha mkononi mwangu. Hakupiga kelele wala hakushika rungu. Aliniambia, fundi, rudisha tu hicho kitu, mimi sijaona mtu hapa. Alinisihi hivyo mara mbili. Nikafikiria nitarudi nyumbani mikono mitupu, nimwambie nini. Alikuwa amenishika mkono wa shati, lakini kwa upole, kama mtu anayemwongoza mgeni. Nikamsukuma."