Wakili Wako Yule

Alhamisi, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, katika mahakama ya Ha Letuka, wakili wa mshtakiwa alinyanyua karatasi akasoma taratibu, kama mtu anayeonja chumvi: "Najiuliza kama ni mimi niliyemchekea." Relebohile, aliyekuwa kizimbani akieleza alivyobakwa, aliyatambua maneno yake mwenyewe, ya daftari lake la siri. Akateremka, akatoka. Hakimu akaahirisha hadi saa nane. Binti asiporudi, kesi imekufa.

Nani aliyeiba ukurasa ule?

Sajenti Mamello, mpelelezi wa kesi hiyo, alianza na mshauri nasaha, maana ndiye aliyemtuma binti aandike. Mama yule akavaa miwani, akaikagua nakala. Ukurasa ulikuwa wa Jumapili. Binti hajakanyaga kwake tangu Ijumaa.

Akamgeukia karani wa mahakama, ambaye mji mzima unamjua: kikombe kimoja cha chai, umbea wa wiki nzima.

"'M'e Sajenti, mimi nagawa maneno, siyo makaratasi," akasema, akamfungulia rejista. Nakala ilikwenda kwa wakili wa mshtakiwa Jumanne, saa tatu asubuhi, kwa saini ya mwendesha mashtaka, Ntate Phakiso.

Alimkuta Phakiso anakula maandazi ya makoenya, vidole vinang'aa mafuta. Hakukana.

"Aliniletea mwenyewe. Kikishanifikia mimi, upande wa pili lazima wakione. Ndiyo sheria, 'm'e."

"Binti alikuamini, ntate. Wewe ni wakili wake."

"Mimi ni wakili wa Mfalme, wa serikali. Yeye ni shahidi wangu tu. Mle ndani hana wakili. Angekuwa na wake, angesimama kupinga usisomwe hata mstari mmoja. Nani alimwambia mimi ni wake?"

Jumatatu, pale koridoni, Mamello mwenyewe alimwonyesha Relebohile mtu huyuhuyu kwa kidole: wakili wako yule, mwambie yote, usimfiche kitu. Maneno ya kutia moyo tu. Miaka kumi na moja aliwaambia wanawake hivyo.

Saa nane kasorobo akaketi ngazini kando ya Relebohile.

"Ausi, dada yangu, aliyeitoa siri yako ni mimi," akasema, akamweleza yote bila kujitetea.

Binti alisikiliza hadi mwisho. "Nikirudi, nani atanisimamia?"

"Hakuna."

"Ungeniambia hivyo Jumatatu. Ningekuja vilevile, ila daftari ningeliacha nyumbani."

Mlangoni jina lake likaitwa mara tatu. Hakuinuka. Na Mamello, aliyekuwa na hati mfukoni ya kumlazimisha arudi kutoa ushahidi, hakuitoa.