Soksi Yenye Uzi Mwekundu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule Tabea alifagia uwanja, akampelekea ng'ombe majani, kisha akaanza kutafuta soksi. Kazi hii ya mwisho haikuwapo zamani. Ilianza msimu wa mvua, soksi za shule zilipoanza kutoweka nyumbani kwao moja baada ya nyingine. Mama yake, Hanna, alichoka kununua mpya. Jioni moja alikaa karibu na jiko, akachukua uzi mwekundu na kushona herufi T kwenye kila soksi iliyobaki. Alisema safari hii ikipotea nyingine, mwizi atajulikana tu.

Mwizi alikuwa Tabea mwenyewe.

Nyumba yao iko juu ya kijiji cha Nkoaranga, mahali ambapo mashamba ya kahawa na migomba yanakaribia msitu wa Mlima Meru. Kwenye mikahawa hiyo, yaani miti ya kahawa, wanaishi vinyonga wa kijani, na madume wao wana pembe tatu usoni. Mwalimu wa sayansi aliwahi kuwaambia wanafunzi wa darasa la sita kwamba kinyonga huyo ni wa mlima huu, na kwamba hatagi mayai bali huzaa watoto. Darasa zima liliguna. Kijijini kwao watu wengi humwogopa kinyonga, na wengine hutema mate wakimwona. Hanna naye kila alipomwona kinyonga kwenye mkahawa, aliuacha mti huo na kwenda kuchuma mwingine.

Mjomba Philemoni aliijua hofu hiyo na akaitumia vizuri sana. Alikuwa mdogo wake Hanna, aliyeishi Daraja Mbili mjini Arusha. Siku za Jumamosi alipanda kijijini kwa pikipiki, amevaa miwani ya jua, na mfuko wa chipsi ukining'inia kwenye usukani. Alimweleza Tabea na rafiki yake Nice kwamba ng'ambo kuna watu wanaowapenda vinyonga hao, wanawafuga kwenye nyumba za vioo zenye majani na taa. Alisema yeye anawaondolea wanakijiji mnyama wasiyemtaka, kwa hiyo kila mtu anafaidika. Kinyonga hakuulizwa.

Aliwafundisha kumwekea kinyonga kijiti mbele yake ili apande mwenyewe bila kuguswa. Kisha anaingizwa ndani ya soksi, soksi inafungwa fundo, na mjomba anaondoka nayo. Aliwaonya wasimwambie mtu yeyote, kwa sababu watu wa kijijini wana wivu. Hapo Tabea alipaswa kushtuka. Hakushtuka, kwa sababu chipsi zilikuwa tamu na mjomba alikuwa mjomba.

Shule zilipofungwa, Hanna alimchukua Tabea wakauze ndizi mjini. Walipomaliza sokoni walipitia kwa Philemoni, maana Hanna alikuwa amembebea loshoro, yale mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando ambayo ndugu yake aliyapenda tangu utotoni.

"Shikamoo, mjomba," Tabea alisalimia.

"Marahaba, karibuni," alijibu Philemoni, lakini hakuonekana kufurahi. Alikaa mlangoni kwa muda mrefu kabla ya kuwapisha waingie. Ndani kulikuwa na kiti kimoja tu, akaketi Hanna. Philemoni alipokwenda dukani kununua sukari, Hanna alimtuma bintiye akatafute kigoda chumba cha nyuma.

Chumba hicho kilikuwa na paa la bati lisilo na dari, na joto lake lilimpiga Tabea usoni alipofungua mlango. Hapakuwa na nyumba ya vioo wala jani hata moja. Palikuwa na maboksi ya sabuni, na ndani ya maboksi soksi zimepangwa kwa kubanana, nyingi nyeupe za shule, kila moja imefungwa fundo. Baadhi zilisogea kidogo. Nyingi hazikusogea.

Juu ya boksi la kwanza ilikuwapo soksi yenye herufi T kwa uzi mwekundu, ile aliyompa mjomba Jumamosi iliyopita. Tabea aliifungua. Ndani alimkuta kinyonga jike, amekuwa mweusi, macho yamebonyea. Alikuwa amezaa humo humo. Watoto wake, wembamba kama njiti za kiberiti, walikuwa wamenasa miguu kwenye nyuzi za soksi, na karibu wote walikuwa wamekufa. Wawili tu walikuwa bado wanatambaa juu ya wenzao.

Tabea aliibeba soksi kwa mikono miwili, akaenda kumwekea mama yake magotini.

Hanna aliruka, kwanza kwa hofu yake ya siku zote. Kisha akaona uzi. Alipitisha kidole juu ya ile herufi, polepole, akiitambua mishono yake mwenyewe. Aliinuka, akaenda kuchungulia chumba cha nyuma, na aliporudi alimkuta ndugu yake amesimama na sukari mkononi.

"Philemoni, hiki ni nini?"

Philemoni alianza kwa kusema mzigo si wake, ni wa rafiki. Soksi hiyo labda iliokotwa. Aliposema hivyo alimtazama Tabea kwa jicho kali, na Tabea alielewa kwamba anatakiwa kunyamaza. Angenyamaza, mjomba angebaki mtu mzuri wa chipsi na pikipiki, na mama asingejua kamwe nani aliyekuwa akiziiba soksi.

"Dada, hata hivyo kosa liko wapi?" aliendelea Philemoni, sasa amepata nguvu. "Mbuzi anauzwa, kuku anauzwa. Mjusi mwenye pembe ndiyo dhambi? Hawa wanakufa kwa sababu sheria inatulazimisha tuwafiche. Wangeruhusu biashara hii, wangesafiri kwenye masanduku mazuri yenye hewa, na serikali ingepata kodi. Lawama ni ya sheria."

"Kwa hiyo sheria ndiyo iliyofunga fundo hili?" aliuliza Hanna.

Philemoni aliiweka sukari mezani.

"Fundo hilo nimelifunga mimi, mama," alisema Tabea.

Akasema yote, kijiti, mikahawa, soksi, chipsi, na majina yao wawili yeye na Nice. Alilia alipofika kwenye habari ya nyumba za vioo, kwa aibu ya kuziamini. Hanna alimsikiliza bila kumkatiza. Hasira yake ilikuwa kubwa, lakini haikuwa kwa mtoto peke yake.

"Mbuzi nikimuuza, nimemlisha mwenyewe na nimemwacha mama yake zizini," alimwambia ndugu yake. "Huyu wewe ulimlisha nini? Umemwacha nani shambani? Msimu uliopita niliwakwepa kila nilipochuma. Mwaka huu nimechuma shamba zima sijamkwepa hata mmoja, nikadhani nimebahatika. Unaniambia habari ya masanduku mazuri. Aliyeshindwa kumpa kiumbe hata tone la maji kwa sababu anajificha, atampa sanduku zuri akiruhusiwa?"

Philemoni alimkumbusha kwamba wao ni tumbo moja. Hanna alijibu kwamba ndiyo maana anampa nafasi ya kupiga simu mwenyewe. Alisubiri. Philemoni alitazama sakafu, na simu ikabaki mfukoni mwake. Basi Hanna akatoa ya kwake, akawapigia watu wa wanyamapori, na akawatajia jina la ndugu yake.

Aliyekuja mchana huo alikuwa ofisa mmoja mtulivu aliyeitwa Namnyaki, pamoja na wenzake wawili. Walifungua mafundo moja baada ya jingine, wakawanyunyizia maji waliokuwa hai. Namnyaki alimweleza Tabea kwamba mnyama wa porini hata akikaa juu ya mkahawa wao si mali yao ya kuuza, na kwamba kumkamata bila kibali ni kosa. Hakumfokea. Alimwomba tu arudie maelezo yake, na Tabea akayarudia, mjomba akiwa amekaa pale pale. Kisha Philemoni akachukuliwa kwenda kujibu mashtaka, na loshoro lake likabaki mezani halijaguswa.

Baada ya siku chache, vinyonga walionusurika walirudishwa mlimani. Nice naye alikuja kuungama, na wasichana wawili wakapewa kazi ya kuwapandisha kwenye miti, kila mmoja kwa kijiti chake. Wa mwisho walikuwa yule jike na mtoto wake mmoja, maana yule mwingine alikufa njiani. Tabea alipokinyoosha kijiti, Hanna alikichukua mkononi mwake. Alikishika mpaka jike akahamia kwenye tawi na mtoto akamfuata.

"Nilikufundisha kumwogopa," Hanna alimwambia bintiye, "na kiumbe tunayemwogopa au kumdharau, hatuulizi anapelekwa wapi. Hilo ni kosa langu. La kwako ni kukubali siri kwa sababu imekuja na chipsi. Mtu mzima akikupa kitu kizuri halafu akakuambia usiseme, njoo useme siku hiyo hiyo, hata akiwa mjomba wako."

Shule zilipofunguliwa, Tabea alikuta jozi ya soksi kitandani, zimefuliwa zikawa nyeupe kabisa. Moja ilikuwa ile iliyomfunga yule kinyonga jike. Alimwomba mama yake ampe nyingine.

"Nilishona herufi hiyo ili soksi ibaki mguuni mwako," alisema Hanna. "Ivae."

Tabea aliivaa, akaenda shule.