Sega la Asali Mdomoni mwa Kagure

Mbogo wa Gachoka alikuwa na mizinga ishirini ya nyuki. Mwaka wa 1996 asali ilikuwa nyingi. Kutwa nzima bintiye Kagure, mwenye miaka minane, alifyonza kipande cha sega.

Kagure alikuwa na ugonjwa wa figo tangu utotoni. Daktari alimpimia maji ya kunywa, vikombe vitatu kwa siku. Mtoto alilia kiu. Mama yake, Wambura, akaona sega litamsahaulisha. Hata tembe chungu alimezeshwa kwa asali.

"Hii si sukari ya duka," Mbogo alisema. "Ni dawa ya Mungu."

Asubuhi moja shavu la Kagure lilivimba. Mwili ukawa moto. Mbogo akavaa viatu aende dukani kununua dawa ya maumivu.

Langoni alikutana na jirani yao Marcella, mhudumu wa meno katika hospitali ya wilaya.

"Ngoja, Baba Kagure! Dawa nyingine za maumivu huumiza figo. Nimwone kwanza."

Alimketisha mtoto juani. Jino moja la nyuma, la utoto, lilikuwa na shimo na usaha. Kisha Marcella akayatazama meno ya mbele. Yalikuwa na mfereji mwembamba uliokatiza katikati.

"Alipokuwa na miaka miwili aliugua sana?"

Wambura alishtuka. "Nani alikuambia? Wewe ulikuwa Nairobi ukisoma!"

"Meno yameniambia. Jino hujengwa ndani ya ufizi, miaka mingi kabla ya kutoka. Figo zikiugua, ganda lake huwa dhaifu. Alama haifutiki."

Mbogo aliinama, akatazama. Mwili wa mtoto ulikuwa umekumbuka yale ambayo yeye, baba mtu, aliyasahau.

"Jino kama hili haliwezi kukaa na utamu kutwa," Marcella aliendelea. "Likioza, uchafu huingia katika damu. Mtoto wa figo hana nguvu za kupigana nao."

"Hata asali ya nyuki wangu?"

"Nyuki wako hawakusomea meno! Utamu ni utamu. Twende sasa hivi. Tukifika hospitali, neno la kwanza la kuwaambia ni figo, halafu jino."

Ndivyo walivyofanya. Daktari wa meno alishauriana na daktari wa figo, ndipo akang'oa jino na kuchagua dawa. Siku ya tatu uvimbe ulishuka.

Tangu hapo Kagure alimeza tembe kwa maji yake ya kipimo. Alipiga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi. Kiu ikimbana, alisukutua maji baridi na kuyatema. Mara ya kwanza aliyatema kwenye viatu vya baba yake.

"Una shabaha kuliko askari!" Mbogo alicheka.

Baada ya mwaka mmoja na nusu, Wambura alimwita mumewe mbio. Pale palipong'olewa jino, ufizi ulikuwa umepasuka. Ncha nyeupe ya jino jipya ilichungulia.

Mbogo akavua kofia, kama afanyavyo mlangoni mwa kanisa.