Viatu vya Mpira Kibarazani

Mvua ya wiki nzima ilikuwa imewafukuza wenye nyumba hadi duka la vifaa vya ujenzi, na duka lilinuka mbwa aliyelowa. Watu walisukumana kwa viwiko, matope mpaka magotini, kila mmoja akilaani bati lake. Mshona mapazia alinyoosha mkono kuchukua kopo la mwisho la lami ya kuzibia paa, akakuta mkono mwingine umeshalishika, mkono msafi, unaonukia marashi. Mwenyewe alikuwa kinyozi, shati jeupe lisilo na tone la tope, kana kwamba mvua ilikuwa ikimkwepa.

"Dada, paa langu linalia," alisema kinyozi.

"Langu limeshalia likachoka, sasa linatapika. Niachie, kaka yangu."

Kinyozi akacheka, akaliachia. "Basi nipe namba yako, nimjulie hali mgonjwa."

Hapo ndipo mapenzi yalipoanza. Lami yenyewe haikusaidia kitu.

Nyumba ile mshonaji aliachiwa na shangazi yake, marehemu aliyeamini kwamba duniani hakuna kitu cha kutupwa. Vyumba vilijaa hadi dari: magodoro yenye ukungu, chupa, feni mbovu, magazeti yaliyogandamana. Maji yalipopenya, uchafu wote ule ukaanza kuoza. Jikoni maji meusi yalifika vifundoni, mende wakielea juu yake, na ukuta ukiugusa unabaki na utelezi mkononi kama kamasi. Mshonaji alikula amesimama, ameziba pua. Kila asubuhi alijisugua mpaka ngozi ikamwasha, akavaa gauni lake la samawati, akatoka akinukia waridi. Dirishani alitundika mapazia mazuri kuliko yote mtaani, na kila alipoyatazama alijiona mnafiki.

Jioni kinyozi alimsindikiza hadi getini, akaishia hapo.

"Hata maji ya kunywa hunikaribishi, malkia wangu?"

"Nyumba haijapangwa, mpenzi."

"Kwani mimi bwana afya?"

"Ungekuwa bwana afya ungeifunga."

Kinyozi alicheka, akidhani ni mzaha. Kisha jioni moja alichungulia juu ya geti, akaona kibarazani viatu vya mpira, vya kiume, vikubwa, bado vinachuruzika maji. Akaaga haraka. Kufika kwake tu akapiga simu.

"Ndani mwako kuna mwanamume."

"Nani kakwambia?"

"Viatu vyake. Mimi nilidhani unanionea haya, kumbe unanificha."

Viatu vilikuwa vya marehemu mume wa shangazi, na mshonaji hakuthubutu kuingia jikoni bila kuvivaa. Ingetosha kusema, ni vyangu. Lakini angeulizwa, vya nini ndani ya nyumba? Na huyu ni mtu aliyewahi kumwaga chai nzima kwa sababu nzi alitua ukingoni mwa kikombe. Kinyozi akangoja jibu, akakata simu.

Dada wa mshonaji naye alipopiga, hakumbembeleza. "Umemwambia ukweli?"

"Nimwambie nini, kwamba nalala jalalani?"

"Mdogo wangu, mficha uchi hazai. Endelea tu, utazeeka na magodoro ya shangazi."

Jumapili mchana dari ya chumbani ilishindwa. Ilimwagika kitandani na kiota cha panya, mavi yao, na vitoto vyekundu visivyo na manyoya vikijinyonganyonga juu ya gauni la samawati. Mshonaji alitapika mpaka tumbo likabaki tupu. Alipojifuta mdomo, aligundua kwamba kilichomkinaisha zaidi ya panya ni kule kuficha. Akachukua simu.

"Njoo umwone huyo mwanamume wangu. Leo utaingia mpaka ndani."

Kinyozi alikuja amenuna, viatu vinang'aa. Mlango ulipofunguliwa, uvundo ukampiga usoni. Akajikaza, akafika jikoni, maji yakamwingia viatuni, mende akampanda suruali. Alitoka mbio, akainama kibarazani, akatapika.

Mshonaji alisimama mlangoni ndani ya vile viatu vikubwa, machozi yakimtoka kwa aibu. "Ndiye huyo ninayelala naye. Viatu ni vyangu, navaa nikienda kupika. Umeshaona, nenda zako."

"Panatia kinyaa."

"Najua."

"Sijawahi kunusa kitu kama hiki tangu nizaliwe."

"Nimesema najua. Nenda."

Kinyozi aliketi kwenye ngazi, akavua viatu vyake. "Vua hivyo. Vinakupwaya."

Akavivaa, vikamkaa sawasawa. Alikunja mikono ya shati jeupe, akajifunga leso puani, akarudi ndani. Mshonaji alimsikia akikohoa, akilaani, akikaribia kutapika tena. Kisha akatokeza kinyumenyume, analikokota godoro linalochuruzika maji meusi.

"Shangazi yako angekuwa hai ningemshtaki. Shika huku."

Wakalitupa uani, mvuani.

"Majirani watasema ndani kuna mwanamume," alisema mshonaji.

"Kesho nakwenda kwa dada yako kuposa, ili wasiwe waongo." Kinyozi akatema mate pembeni. "Sasa nipe kitambaa, kuna kitu kinatembea shingoni."

Mshonaji akaenda dirishani, akalivuta pazia zuri kuliko yote mtaani mpaka fimbo yake ikang'oka, akampelekea ajifute.