Kaka Alinikana Pale Kingasani

"Huyu simjui. Tumepanda teksi moja tu."

Aliyesema hivyo ni Paluku, kaka yangu wa tumbo moja. Alisema huku ananitazama usoni, jamani, kijana mmoja kanishika nywele, mwingine anatafuta kiberiti.

Petroli ilishanilowesha blauzi...

Kosa langu ni simu. Siku hiyo Kinshasa ilichafuka. Waasi walikuwa wameteka mji mwingine huko kwetu mashariki, na vijana wakaweka vizuizi barabarani wakisaka wapelelezi. Mimi nina siku mbili tu tangu nitoke Butembo. Mama akapiga, nikapokea kwa Kiswahili, lugha ya mashariki, na Kinshasa wanasema Kilingala. Teksi nzima ikanigeukia.

Pale Kingasani dereva akasimama kwenye kizuizi cha vijana, akanionyesha kwa kidole.

"Mpelelezi huyu."

"Mimi ni Mnande wa Butembo," nikasema. "Hao waasi ndio waliotufukuza shambani."

"Wote mnasema hivyohivyo."

Nikamgeukia kaka, yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu. "Yaya, waambie."

Ndipo akasema hayo mliyosikia, akashuka, akapotelea kwenye watu. Hata kulia sikulia. Niliduwaa tu.

Aliyeniokoa ni mama mmoja muuza kwanga, ile mikate ya muhogo. Alitua beseni lake, akapenya katikati yao, akanizaba kofi.

"Mkwe gani wewe? Nakutuma chumvi, unazurura!"

"Mama Ekila, unamjua?" kijana mmoja akauliza.

"Mke wa Bosco wangu. Alimuoa alipopelekwa vitani huko mashariki. Nani anataka kumchoma? Ajitokeze, nikamwite mama yake. Nyote mmekula kwanga yangu tangu mnatembea uchi."

Kiberiti kikarudi mfukoni.

Kwake alinipa maji na blauzi kavu. Nikamuuliza Bosco yuko wapi, nimshukuru.

"Alifia huko kwenu mwaka juzi," akasema. "Hakuwahi kuoa."

Jioni akanisindikiza hadi kwa mjomba tulikofikia, mtaa wa Masina. Tulipokata kona nikaona turubai, viti vya plastiki vimejaa barabarani, wanawake wanalia jina langu. Matanga yangu!

Katikati kakaa Paluku, mkono una bendeji.

"Nilipigana nao, mjomba. Walikuwa thelathini. Nilimng'ang'ania dada mpaka wakaniponda mkono..."

Waliponiona, viti vilianguka. Mjomba alinishika mashavu, hakuamini.

"Mimi sikuona mwanamume yeyote akipigana pale," Mama Ekila akasema.

Macho yote yakamgeukia Paluku.

"Katungu," mjomba akaniuliza, "kaka yako alipigana au hakupigana? Kama kadanganya, hatalala hapa kwangu."

Mkononi alishika simu. Mama yetu, mwenye presha, alikuwa hewani, anasikia yote. Paluku alinitazama kwa kuniomba. Nilitaka kusema ukweli. Mungu ananiona, nilitaka.

"Alipigana," nikasema. "Ila walikuwa wengi."

Mama Ekila akaninong'oneza. "Mimi niliwadanganya wenye kiberiti, binti. Wewe umewadanganya wanaokulilia."

Akachukua beseni lake, akaondoka.

Woga wa kaka nilishamsamehe. Ningekuwa yeye, pengine nami ningekimbia. Lakini ndugu zangu, msimfichie mtu aibu yake mkadhani mmemponya. Paluku sasa ndiye shujaa wa ukoo. Kila mgeni akija, Paluku humsimulia vile alivyonipigania, na akimaliza ananigeukia.

"Si ndiyo, dada?"

Nami naitikia, mbele ya watu, ndiyo.